Betri Iliyoshiba Jua

Juzi betri ya simu yangu ilivimba, fundi akaniambia ni gesi. Nikamkumbuka nyanya yangu, nilipokuwa mtoto kule Bulla Pesa. Betri za redio yake zikiisha, alizianika juu ya mabati, na jioni redio ilizungumza tena. Kwa hiyo rimoti ya gari langu la kuchezea ilipozima, akaianika betri yake pia, ile ya kuchajiwa.

Mchana mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na palinuka utamu kama wa rangi ya kucha. Betri ilikuwa imefura kama tumbo la mwanambuzi aliyenyonya.

“Nyanya, imeshiba,” nikasema.

Aliitazama kidogo, akaishika kwa koleo la makaa, akaenda kuifukia mchangani mbali na nyumba.

“Mbona unaizika?”

“Mbuzi akifura hivyo hajashiba. Anakufa.”