Marlys arudisha godoro la joto ili alinunue tena

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mjini Duluth, Marlys Haugen anapanda ngazi tatu za basi la wanafunzi kwa kujivuta, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kiunoni. Nje ni nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Anawasha injini na kusubiri joto, ambalo hufika kila mahali isipokuwa mgongoni mwake.

“Miaka ishirini na miwili kwenye kiti hiki,” anasema. “Kimenila mgongo, kimeniachia mdomo tu.”

Kila mwezi mwajiri humkata dola hamsini kabla ya kodi na kuziweka kwenye akaunti ya matibabu. Ni fedha zake mwenyewe, lakini asipozitumia hadi Desemba 31, zinapotea. Ndiyo, zinapotea.

Novemba alinunua godoro dogo la umeme la kukanda mgongo kwa joto, dola 580 taslimu, ili arudishiwe kutoka akaunti hiyo. Alilala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Ombi lake likakataliwa: risiti haikutaja bidhaa. Akatuma nyingine. Likakataliwa: barua ya daktari iko wapi? Daktari akaandika. Likakataliwa tena.

Leo ni Ijumaa, Desemba 19. Akishashusha watoto, anawapigia simu wasimamizi wa akaunti na kusikiliza nyimbo za Krismasi dakika arobaini kabla ya kujibiwa.

“Mama, barua ni ya Desemba kumi. Godoro ulinunua Novemba,” anasema kijana wa simu.

“Kwa hiyo Novemba mgongo wangu ulikuwa mzima?”

“Barua lazima itangulie ununuzi.”

“Daktari ameandika naumwa miaka sita!”

“Nakuelewa kabisa, mama.”

“Hunielewi hata kidogo, mwanangu.”

Anakata simu, anapitia nyumbani, anabeba godoro ndani ya boksi lake hadi dukani, huku akiguna kila hatua. Kaunta ya kurudishia bidhaa iko mikononi mwa Kayleen, binti mwenye kofia ya Krismasi.

“Lina kasoro gani?”

“Halina. Zuri mno.”

“Sasa unalirudisha kwa nini?”

“Nilinunue.”

Marlys anaweka barua ya daktari mezani na kueleza. Kayleen anashusha pumzi. Mapya yamekwisha, anasema, mzigo unakuja Januari. Marlys anaegemea kaunta, macho yamemjaa machozi ya hasira.

“Basi niuzie hilihili!”

“Ngoja. Lililofunguliwa tunauza kwa punguzo, kwa sababu limetumika.”

“Limetumiwa na nani?”

“Na wewe, mama.”

Wanacheka mpaka watu kwenye foleni wanageuka. Anarudishiwa zile 580, analipa upya. Dola 522, tarehe ya leo, jina la bidhaa limeandikwa lote. Marlys anapiga picha risiti na barua, anazituma hapohapo. Jibu litachukua siku kumi za kazi, yaani Januari, muda wa kununua tena ukiwa umekwisha. Anachoka upya.

Mpango wake si mkubwa. Ana miaka sitini na mmoja. Anataka kufika sitini na mitano, apate bima ya afya ya serikali, aachane na usukani. Akiacha leo, bima ya kazini inakwenda na maumivu yanabaki. Bila joto la usiku, anasema, hamalizi hata majira haya ya baridi.

“Na wakikataa tena sipigi simu,” anasema, akilibeba godoro kurudi garini. “Naenda ofisini kwao, navua shati, wasome tarehe mgongoni.”