Begi Lililokula Koti

Clavery, fundi redio wa Kiruruma, hakuwa mwizi, na hilo liwekwe wazi mapema, maana baada ya siku ile kuna waliotaka kumvisha hata jina hilo. Alikuwa mtu wa mikono. Kibandani kwake pale senta alifufua simu zilizodumbukia kwenye pombe ya rubisi na redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: akishashika kazi, kila kilichomzunguka alikiona vipuri.

Msimu wa kahawa ulipokuwa ukiishia, akaanza kutengeneza spika ya kubeba. Alipata begi gumu la safari mnadani, gurudumu moja limekatika, akalitoboa matundu mawili ubavuni, akafunga spika za gari bovu, amplifaya ndogo na betri ya pikipiki. Nia yake ilikuwa njema. Baba yake, mzee Rwegoshora, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na siku ya kuanua matanga ilikuwa inakaribia. Umeme wa kijijini kwao ni wa kubahatisha. Clavery alitaka maneno ya wazee yasikike mpaka barabarani bila familia kuhangaika na jenereta. Na, tusifichane, alitaka pia kaka yake Fidele, mwalimu huko Mwanza, aone kwamba aliyebaki nyumbani naye ni mtu.

Ila begi lilipiga kama debe. Fundi yeyote anajua dawa yake: ndani ujaze kitambaa kizito kinyonye mwangwi. Clavery akajaribu magunia, wapi. Akaingia chumbani kwa mama yake, Mackrine, aliyekuwa shambani, akavuta mfuko wa nailoni uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na koti la sufu la marehemu.

Alilijua koti lile. Alijua pia kwamba siku ya kuanua matanga mrithi huvikwa vazi la baba. Lakini mrithi si angekuwa Fidele, mkubwa, msomi, mwenye suti kabatini? Angelivaa mbele ya watu kwa dakika chache, kisha alitupe pembeni. Na kama koti halionekani, kanzu ya mzee ipo, watamvika hiyo. Hivyo ndivyo Clavery alivyojidanganya, mkasi mkononi. Akakata mikono, akapasua mgongo, akabandika vipande kwa gundi. Besi ikatulia, nzito, tamu. Alicheka peke yake kibandani, bwege yule.

Siku ikafika. Watu wa Ihembe walikuja, wa Rugera walikuja, na kila aliyepita alilisifu begi. Clavery akavimba kichwa. Ndipo baba yake mdogo, Polikarpi, akashika kipaza sauti.

"Marehemu alitamka kwa kinywa chake, mbele yangu na mbele ya mama yenu," alisema. "Omusika ni Clavery. Mrithi ni huyu aliyebaki naye. Fidele nilimweleza jana, ameridhika. Shemeji, tuletee koti."

Vigelegele vilipanda. Clavery aliisikia sauti ya baba yake mdogo ikitoka begini safi kabisa, haina mwangwi hata kidogo, na akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mackrine aliingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa hana kitu, na macho ya watu yakaanza kumtafuta Nikuze, mke wa Fidele, aliyekuwa amelala chumba kile na mama mkwe wake. Mama mmoja akasema, kwa sauti ya makusudi, kwamba wageni wa mjini nao wana mikono mirefu. Nikuze akainamisha uso.

Clavery angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza, tena kwa muda, na hilo lilimtia aibu kuliko mkasi wenyewe. Akazima spika, akachukua bisibisi.

"Mama," alisema, "koti liko humu."

Skrubu zilikuwa nyingi na alikuwa amezikaza vizuri, fundi hodari. Alitoa kola, akatoa mfuko, akatoa nusu ya mgongo yenye gundi, kila kipande akimkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Mackrine aliupapasa ule mfuko kwa kidole gumba.

"Baba yako alisema Fidele angelitunza tu," alisema. "Wewe ungelivaa."

Hakupaza sauti. Afadhali angempiga kibao.

Polikarpi aliteta na wazee kando. Wakarudi wakasema wosia unabaki palepale, na kilichobaki cha koti kivaliwe hivyohivyo. Wakamkalisha Clavery kwenye kigoda cha baba yake, wakamwekea vipande mabegani, nyuzi zinaning'inia, gundi inamnata shingoni. Kisha watu wakapanga mstari kumsalimu baba wa nyumba, kama ilivyo desturi yao, mkubwa kwa mdogo. Wa kwanza alikuwa Fidele. Alipiga goti mbele ya mdogo wake, uso mkavu.

"Shikamoo, baba," alisema.

Clavery alifungua mdomo, marahaba haikutoka. Fidele akabaki chini, anangoja, na nyuma yake Nikuze alikuwa ameshaanza kukusanya kanga yake apige goti.