Ngege Ambao Hawakufika Maseno

Jumamosi adhuhuri, mafuta yakiwa yamechemka na wanunuzi wamejaa mbele ya kibanda, Adongo alifungua simu yake akaona marafiki zake wamevaa sare bila yeye.

Vitenge vya kijani, vyote vya jora moja. Kageha, muuza mboga aliyekaa vibanda vitatu kutoka kwake, alikuwemo, meno nje. Katikati alisimama Dorca, mwenye sherehe. Siku hiyo wakwe walikuwa wamefika kwake Maseno kuleta mahari ya binti yake, Lornah. Huyo Lornah, Adongo ndiye aliyembeba mgongoni soko la Kibuye, mama yake akipima omena, wale dagaa wa ziwani. Leo anaozwa, na aliyembeba anapashwa habari na picha.

"Sawa," alijiambia, akageuza samaki. "Nimewajua."

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kule mtaani Obunga alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, na mifupa hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mume alipomwacha na binti mmoja. Utotoni alitolewa darasa la pili alee wadogo zake, ilhali kaka yake Ouma alisomeshwa hadi akawa mtu wa kutoa hotuba za Kiingereza matangani. Kutojua kusoma alikuficha kama kidonda cha mahali pabaya. Kanisani alifungua Biblia na kutamka mistari pamoja na wengine. Hata Dorca, rafiki wa miaka ishirini na sita, hakujua kwamba ameikariri.

Simu lilikuwa wazo la Dorca. Alipohamia Maseno kufungua hoteli ya chakula, alimwambia, "Nyar Sondu, nunua simu ya kugusa, tuwe tunaonana kila siku." Alimwita hivyo, binti wa Sondu, tangu walipojuana. Wakaingia kikundi kimoja cha WhatsApp, wanawake kumi na wawili waliowahi kuuza pamoja Kibuye. Mwanzoni walitumiana sauti, na Adongo alicheka nao hadi samaki wakaungua. Kisha wenzake wakazoea kuandika. Terry, msichana wa kibanda cha jirani, alimsomea kwa muda, mpaka Adongo alipohisi kwamba mambo yake yanazunguka Obunga yote. Ushahidi hakuwa nao, wala hakuutafuta. Akaacha kumpelekea simu. Kuanzia hapo, kila yalipoingia maandishi, aliyatazama, akabonyeza ile alama ya kidole gumba, akarudi kazini.

Jumatatu Kageha alimjia bila salamu.

"Kumbe uko mzima. Sisi tulidhani umelazwa."

"Mlivyovaa kijani kama kabichi, mlikumbuka kuna mgonjwa?"

"Usinigusie mboga zangu. Ngege wako wapi?"

"Ngege gani?"

"Ngege wa wakwe! Watu wamenawa mikono hadi imekauka, sisi tunasema Adongo yuko njiani. Dorca akachinja kuku wanaotaga. Mjomba wa bwana harusi akauliza kama huku kwetu ziwa limekauka."

"Mimi nilisema nitaleta samaki? Kwa mdomo gani?"

Kageha akatoa simu, akasoma kwa sauti. "'Nyar Sondu, ngege wa wageni nakuachia wewe. Thelathini, wakubwa. Kitenge chako kiko kwa Kageha.' Na hapa chini, hiki kidole ni cha nani? Cha marehemu? Kitenge hukuja kuchukua, nikasema labda rangi imekushinda."

Kidole kilikuwa chake. Adongo alihisi joto likimpanda shingoni, na halikuwa la moto wa jiko.

"Samaki walipokosekana, mbona hakuna aliyenipigia?"

Kageha akatazama kando. "Mimi nilitaka. Dorca akasema tukuache. Ati ni wivu, kwa sababu wako bado yuko nyumbani."

Wake ni Maryanne, mwenye miaka thelathini, asiyeposwa. Adongo akaweka mwiko chini. Zamani mtu aliyetaka umpikie wageni alikuja kwako, akakaa, akala, ndipo akataja haja yake. Dorca alimwagiza samaki thelathini kama anayemtuma mtoto chumvi. Na walipokosekana hakuuliza, alikuwa ameshajua. Naye Adongo, mbele ya zile picha, alikuwa ameshajua vilevile.

Akizima moto ule na kwenda Maseno, itambidi aseme siri yake. Akinyamaza, atazikwa akiitwa mwenye wivu. Akazima moto.

Dorca alimpokea akiwa anafuta meza, na hakuacha kufuta.

"Umeleta ngege? Wageni walishaenda."

"Mama Lornah, sikuyasoma yale maneno."

"Kidole uliweka."

"Huweka kwa yote. Sijui kusoma."

Dorca akacheka. "Na Biblia?"

"Nimeikariri."

Kicheko kikaisha. "Miaka ishirini na sita! Nini kingine umenificha?"

"Na wewe miaka ishirini na sita ulinihesabu mwenye wivu, ukangoja siku ya kusema?"

Dorca akaketi, kitambaa mkononi. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitakuwa nakutumia sauti."

"Sitaki sauti. Nitoe humo ndani. Ukinitaka, njoo."

"Obunga ni mbali, na nina hoteli."

"Nilipokuwa sina simu hapakuwa mbali."

Dorca ndiye msimamizi wa kikundi. Akabonyeza, akabonyeza tena. "Nimekutoa."

Adongo akatazama kioo cha simu yake. Maandishi yalikuwa vijidudu vilevile vya siku zote. Akamgeukia mwanamke aliyekuwa akila meza ya pili, mtu asiyemjua kabisa. "Dada, nisomee hapa."

"Inasema umeondolewa kwenye kikundi."

"Hata mimi huniamini?" Dorca aliuliza, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Jumamosi wewe uliniamini?"

Dorca alisukuma kiti kwa mguu, akaita jikoni waletewe chai na chapati mbili. Adongo akaketi, lakini pembeni mwa kiti, kibeti akikishikilia mapajani.

"Alhamisi nitakuja Obunga," Dorca alisema.

Adongo akamega chapati.

"Tutaona," akasema.