Hyasinta wa Kitanda cha Matofali

Mwaka ule wa hamsini na tano, ukiingia nyumba ya mzee Awadhi pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, chumba cha pili mkono wa kushoto ungekuta kitanda kimeinuliwa upande wa miguuni kwa matofali, na juu yake mwanamke mjamzito amelala kichwa chini, miguu juu. Huyo ndiye Hyasinta. Usicheke. Wapangaji wenzake walishacheka vya kutosha, na mmoja akamwuliza mumewe kama wanayaogopa mafuriko ya Mto Msimbazi.

Alikuwa Mngoni wa upande wa Songea, mwuza vitumbua, mtu asiyejua kukaa bure. Lakini nesi alimwambia wazi: mlango wako wa kizazi ni mlegevu, mimba ikiwa nzito haukazi. Ukimtaka mtoto, lala, na miguu ikae juu. Basi akalala. Mimba mbili zilishamtoka, na watoto wote wawili walikuja kimya, wamekufa kabla ya tone la maji ya ubatizo. Hapo ndipo palipomchoma. Siku zile mtoto asiyebatizwa hakuzikwa pamoja na Wakristo. Mumewe, Marcelino, aliwafunga kwenye kanga akawazika nje ya uzio wa makaburi, bila msalaba, bila jina.

"Mungu atawaitaje siku ya mwisho?" Hyasinta alimwuliza.

Kwa hiyo mimba hii ya tatu waliishika kwa rozari. Wakaishika na kwa papai. Ndiyo, papai! Katekista aliwaambia kwamba mtoto akiwa hatarini, yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji, aseme maneno, na anuie kama Kanisa linavyonuia. Marcelino alikuwa kuli wa bandarini, mabega mapana lakini ulimi mzito. Kila jioni akaweka papai kwenye beseni, akalimwagia maji: "Mimi nakubatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kuta za nyumba zile hazikufika juu, neno la chumba kimoja ni la nyumba nzima. Wapangaji wote wakayajua maneno yale kwa moyo. "Papai limeshakolea dini hilo," walimtania uani, "lipelekeni na kipaimara!"

Tatizo ni kwamba Marcelino alikuwa na zamu. Je, mtoto akija baba yuko bandarini? Hyasinta alilifikiria jambo hilo mpaka likamnyima usingizi, ndipo siku moja akajikaza mbele ya Bi. Mwantumu, mke wa mzee Awadhi, aliyekuwa akimletea uji na kumwaga beseni lake la haja bila kukunja uso.

"Mama, nina ombi. Naomba usinikasirikie."

"Sema, mwanangu."

"Marcelino asipokuwepo, na mtoto akija hoi, mmwagie maji wewe. Useme yale maneno."

Bi. Mwantumu akaliweka bakuli la uji chini. "Hyasinta, uchafu wako nimeubeba, na kesho nitaubeba tena. Lakini hilo usinitwike. Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mimi nitatamkaje jina la Mwana? Siku nikiulizwa, nitajibu nini?"

"Basi, mama. Yaishe."

"Yameisha. Kunywa uji."

Hayakuisha. Siku kadhaa alileta uji akaondoka bila kukaa, na Hyasinta akabaki analitazama dari kwa aibu. Alikuwa amegusa kitu kisichoguswa. Na alijua kidonda cha mama yule: mwanawe wa pekee, Shomari, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, na tangu siku ile mzee Awadhi hakulitamka jina hilo tena.

Mwezi wa nane wa mimba ukaingia. Ijumaa moja adhuhuri, wanaume wako msikitini, wanawake wako sokoni, Marcelino amelala kwenye mkeka baada ya zamu ya usiku, Hyasinta akasikia maji ya moto yakimtiririka mapajani.

"Marcelino! Amka!"

Marcelino akaruka, akaliona shuka, macho yakamtoka. "Namfuata Padri!"

"Usiende! Maji hayo hapo mtungini, maneno unayajua!"

"Nikikosea je? Huyu wa tatu nikimkosea?" Huyo akatoka mbio, shati mkononi.

Jamani! Mtu miezi yote anabatiza papai, siku ya mtoto anatimua mbio! Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, tusimhukumu sana. Hyasinta alimhukumu pale pale, na alikuwa na haki.

Akapiga kelele. Bi. Mwantumu akaja mbio kutoka uani, miguu bado imelowa maji ya udhu. Hata hajapiga magoti vizuri, mtoto akawa mikononi mwake. Mvulana, mdogo, rangi ya zambarau, kimya. Bi. Mwantumu akamsugua kwa kanga, akamfyonza kamasi, akampiga nyayo. Wapi!

"Mama, yu hai?"

"Moyo unapiga. Kwa mbali."

Hyasinta akajaribu kuinuka aufikie mtungi. Kitanda kile cha mteremko kikamrudisha chini, mikono haina nguvu. Machozi yakamwingia masikioni. "Mama," alisema, "huyu naye nje ya uzio?"

Hakuomba zaidi ya hapo. Bi. Mwantumu alimtazama yule mtoto. Kisha akauburuta mtungi, akachota kwa kata.

"Shomari," alisema, "mimi nakubatiza, kwa jina la Baba..." Akafumba macho. "Na la Mwana. Na la Roho Mtakatifu."

Maji ya mtungi ni baridi, unayajua. Yalipomteremka kichwani mtoto akashtuka, akapanua kinywa, akalia. Wako watakaosema ni Roho Mtakatifu, wako watakaosema ni baridi. Mimi sina la kubishana nao. Alilia.

Bi. Mwantumu akamfunika, akamlaza kifuani kwa mama yake. Halafu akaketi sakafuni, akajitanda kanga usoni. "Astaghafirullahi," akawa anasema, "astaghafirullahi," hana pa kuishia. Hyasinta akateremsha mkono mpaka ukamgusa kichwani.

"Mama, mzee akijua?"

"Ataniacha, Hyasinta. Na nitamlaumu kwa lipi?"

Pikipiki ikanguruma barazani. Padri akaingia, mzee wa ndevu nyeupe, Marcelino nyuma yake anahema. Hyasinta akaeleza. Padri akamwomba Bi. Mwantumu ayarudie maneno aliyosema, naye akayarudia polepole, macho chini.

"Basi huyu amebatizwa," Padri alisema. "Sirudii. Yaliyobaki tutayatimiza kanisani akipata nguvu. Jina lake?"

"Shomari," Hyasinta akajibu.

"Shomari?" Marcelino akang'aka. "Huyu ni Yosefu! Nani kampa mwanangu..."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Marcelino akanywea.

Mara mzee Awadhi akatokea mlangoni, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, jasho linamtoka. Habari alizipata njiani, kwa waliomwona Marcelino akikimbia. "Teksi ipo nje, twendeni hospitali. Mtoto mzima?"

"Mzima, baba," alisema Hyasinta.

"Alhamdulillahi! Nani jina lake?"

Marcelino akafungua kinywa. Bi. Mwantumu chini ya kanga yake akaacha hata kupumua. Hyasinta, ambaye hajapata kumdanganya mtu hata kwa kitumbua kilichoungua, akamtazama mzee wa watu machoni.

"Shomari. Tulikubaliana zamani, mimi na mwenzangu, kwa ajili ya mwanao. Na baba yake alimmwagia maji mwenyewe, ndipo akamfuata Padri. Au siyo, Marcelino?"

"Ndiyo," Marcelino akasema, sauti haisikiki.

Padri akakohoa, akageuka kulitazama dirisha.

Mzee Awadhi akalia, wazi wazi, machozi yakimlowesha ndevu.

Walipombeba Hyasinta kumtoa nje, alimshika Padri joho. "Nitakuja kuungama."

"Pona kwanza," Padri alisema.

Mtoto alikuwa bado dhaifu, pumzi zake za kuhesabu, na njia ina mashimo. Ndani ya teksi alipakatwa na Bi. Mwantumu, na Marcelino akajibana pembeni yao, hathubutu kumtazama mtu. Mbele, mzee Awadhi akampiga dereva begani.

"Polepole, bwana wee! Humu yumo Shomari."