Nguo Isiyoingiza Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu Zuhura, nilipozama kisimani Nanganga nikiwa mkavu, na ukavu huo nusura uniue. Tangu uliponitumia picha za zile nguo mbili za mpira sijatulia. Unasema kazi ya kukagua nyavu za samaki kwenye bahari ya baridi inaanza Jumatatu, na lazima uchague: ile inayobana na kuingiza maji, au ile pana isiyoingiza hata tone. Umeniuliza mimi baba yako mkubwa kwa kuwa katika ukoo wetu ni mimi tu niliyewahi kulipwa kwa kuzama. Basi nisikilize, ingawa mpaka leo jambo lenyewe linanichanganya.

Ujanani nilifukua visima na Mzee Athumani wa Chunyu, mtu wa maneno machache. Yeye alishika kamba juu, mimi nilishuka. Baridi ya kwetu utaicheka, lakini kaa ndani ya kisima mwezi wa saba uone kama meno hayagongani. Siku moja sokoni Ruangwa nikakuta kwenye mitumba nguo mbili kama hizo zako. Muuzaji hakujua ni za nini, nami sikujua. Tukazitundika, tukamimina ndoo ya maji ndani ya kila moja. Ya kubana ikavuja mikononi na miguuni. Ile pana ikashika maji kama mtungi. Nikasema, isiyotoa maji haiingizi maji. Nikabeba hiyo.

Mila yetu unaijua: kisima cha kunywa hakiingiwi na nguo za shamba. Unaoga kwanza, unashuka na msuli safi tu. Basi siku tulipoitwa Nanganga kutoa ndoo ya kijiji iliyozama kisimani, kwa heshima hiyo nikavua kila kitu, nikaivaa ile nguo juu ya ngozi tupu. Mzee Athumani akaitazama, akauliza, "Hii unajua inavyofanya kazi?" Nikajibu ndiyo, maana wanakijiji walikuwa wamesimama wakinishangaa, nikaona aibu.

Maji hayakuingia, lakini baridi iliingia. Nikashindwa kuelewa: mtu mkavu anatetemekaje? Nilipoinama kuitafuta ile ndoo, hewa yote ya ndani ya nguo ikakimbilia miguuni. Miguu ikapanda, kichwa kikabaki chini. Sikujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Niliogopa, mwanangu, sifichi. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile ilikuwa hivyo hasa. Mzee alivuta kamba aliyonifunga kiunoni, nikatoka miguu kwanza mbele ya kadamnasi.

Hakunigombeza. Alinifunika shuka, akasema, "Nilikuuliza ili useme hujui. Ungesema hujui, tungecheka kidogo, ukashuka na msuli wako." Maneno hayo yaliniuma kuliko baridi.

Miaka ilipita ndipo mpiga mbizi mmoja wa Lindi akanieleza. Ya kubana huingiza maji kidogo na mwili ukayapasha joto, ndiyo maana lazima ikukae barabara. Ile pana, wanayoiita kavu, haina joto lake. Joto ni la nguo unazovaa ndani, na kuitawala hewa yake kuna mafunzo yake. Nilimwelewa nusu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa ipi? Sijui, mwanangu. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na hayo ya huko sijayafika. Ila umeniambia wenzako wote wanavaa ile kavu na hutaki wajue kuwa hujafundishwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Jumatatu, kabla hujavaa chochote, mwambie msimamizi wako waziwazi kwamba hujui. Akikufundisha kwanza kwenye maji mafupi, vaa hiyo kavu, na ndani jaza nguo nzito. Akikosa nafasi, omba ya kubana inayokutosha vizuri. Na kama maji ni ya baridi mno kwa hiyo ya kubana, basi usishuke, hata wakikucheka, hata wakikurudisha kwetu Nachingwea. Aibu utaizoea, mimi niliizoea.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "sijui", akushushe salama, akupandishe salama. Amin.