Kitako kwa Bega la Kushoto

Yaya, kaka yangu mkubwa, alinikuta kwenye karakana yangu ya useremala huku mtaani Katuba. Nilikuwa nimekaa juu ya mbao, randa mkononi, sina hata hamu ya kuisukuma. Kiangazi kilikuwa kinakaribia kuisha, umeme unakuja na kuondoka, vumbi jekundu limetukaukia kooni. Alikuwa amebeba bunduki yake imefungwa kwenye kitenge. Ni bunduki fupi ya risasi moja, inayokunjwa katikati ili uipakie.

“Mudogo,” aliniambia, “jicho ya kuume imekufa kabisa. Sasa nitapigia ku kushoto. Unitengenezee kitako.”

“Yaya, uache tu. Nyama iko ku soko.”

“Ile ya soko hainijue.”

Nilicheka kwa uchovu, nikaipokea. Baba alipofariki tukiwa wadogo, bunduki hiyo ndiyo iliyotulisha, na aliyekuwa akiibeba ni yeye.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila mikono yangu ilikuwa mizito. Uvimbe wa kuegemeza shavu nikauchonga mpaka ukaisha, nikagundisha kipande cha mninga upande wa pili. Kisha nikapunguza kitako nyuma, maana mikono ya yaya ilikuwa imenyauka na kitako kilikuwa kirefu mno kwake.

“Haina risasi. Funga macho, uinue ku bega, kisha ufungue,” nilimwambia. “Unaona nini?”

“Minaona mbao tu.”

Nikasugua tena. Akainua tena. Tuliendelea hivyo mpaka siku moja akafungua jicho, akasema polepole, “Hapa njo muzuri. Minaona kichuma ya mbele.”

Tulikwenda kuijaribu kwenye shamba la rafiki yetu nje ya mji, mbele ya Kasapa. Tulibandika karatasi kwenye kichuguu kikubwa. Risasi zikawa zinaangukia kuume. Nikakigonga kidogo kile kichuma cha kulengea kilicho mbele ya mtutu, kuelekea kuume vilevile, mpaka zikarudi katikati. Bega lake lilimuuma. Niliyaona maumivu usoni mwake.

Siku ya kuwinda, kutembea ndiko kulikotumaliza. Msitu haukuwa tena pale yaya alipouacha. Wachoma makala, yaani makaa ya kupikia, walikuwa wamepita, tukawa tunavuka visiki na majivu, kila mara yaya akisimama kama mtu aliyekosea mlango. Tulipofikia miti jua lilikuwa limeshapanda. Tukakaa kimya kando ya kijito.

Mbawala dume alitokea bila kelele, akainamisha kichwa anywe maji. Yaya aliinua bunduki. Ikatulia shavuni kwake kana kwamba hakuwahi kupigia upande mwingine. Ikalia. Mnyama akaruka mara moja, akaanguka.

Nilishangilia. Yeye hakusimama. Alibaki amekaa, bunduki mapajani, anahema.

“Yaya, iko muzuri! Ulimupiga muzuri!”

“Umubebe wewe,” alisema.

Nikambeba mabegani. Damu ikanitiririkia mgongoni, na tulipofika kwenye visiki miguu yangu ilianza kutetemeka. Yeye alikuwa nyuma yangu na bunduki. Hapo ndipo nilipomuuliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyewahi kumuuliza.

“Zamani, wakati ulikuwa unatubebea nyama vile, ulikuwa unachoka?”

Alikizunguka kisiki, akajibu.

“Sana, mudogo. Kulikuwa siku nilikuwa nalia mu njia. Kisha nanawa uso, naingia mu nyumba.”

Nilimweka mbawala chini, nikamwomba bunduki niibebe mimi. Alinipa. Tukakaa juu ya kisiki kimoja, tumeegemeana migongo, mpaka nguvu zikarudi.

Barabarani lori la makala lilitupakia. Yaya alilala juu ya magunia, mdomo wazi, uso mweusi kwa vumbi la makala. Nilimshika mkanda wa suruali asije akaanguka, nikamshikilia hivyo hadi mjini.