Jina la Mkwe kwenye Mtihani wa Kiingereza

Mama alikuwa mfagiaji wa zahanati moja Temeke. Mwaka ule wafagiaji walipunguzwa. Atakayefaulu mtihani wa Kiingereza cha watu wazima atahamishiwa dirisha la dawa. Atakayeshindwa arudi kijijini akalime na wenzake. Mie nilikuwa kidato cha pili, na kijijini kwetu, kule milimani, hapakuwa na sekondari. Mtihani ulikuwa wake, lakini shule ilikuwa yangu.

Nilimfundisha mwenyewe, jioni, huku akichambua mchele. Akawa anasoma. Taratibu, kwa lafudhi ya kwetu, lakini anasoma na anaelewa.

Jumamosi ya mtihani tulikaa kwenye benchi nje ya darasa, kina mama wakitaniana. "Leo Mwingereza atajuta kutuachia lugha yake!" alisema mmoja, wakacheka. Mama hakucheka. Alipoitwa nilibaki mlangoni.

Mtahini akampa karatasi: kisa cha mzee na bustani yake. Mama akafungua mdomo, akanyamaza. Nikasogea dirishani nyuma yake, nikachungulia karatasi, nikajua. Mzee wa kwenye kisa alikuwa na jina la babu, baba yake baba. Jina la Biblia. Kiingereza kimelipinda kidogo tu. Kwetu mke halitamki jina la mkwe wake, hata akiwa peke yake. Mdogo wangu amerithi jina hilo, na mama hajawahi kumwita zaidi ya "mzee".

Akasoma akiliruka. Kila penye jina akasema "huyu bwana", kwa Kiingereza, safi kabisa.

"Mama, soma kilichoandikwa," mtahini akasema.

"Nimesoma, ndugu."

"Neno hili umeshindwa."

"Sijashindwa. Silitaji."

Mie ambaye darasani sinyooshi kidole hata nikijua jibu, nikajikuta ndani. "Shikamoo mwalimu. Ni jina la mkwe wake. Kwetu ni mwiko."

"Marahaba. Kwetu si mwiko," akajibu, wala hakuwa mkali. "Na karatasi ni moja kwa wote. Nikimsamehe yeye neno moja, wengine niwasamehe mangapi? Mama, nakupa nafasi ya mwisho. Litamke tu, ni mtu wa kitabuni."

Mama akanitazama. Moyoni nilikuwa namwomba: sema, mama, sema tu. Midomo ikamcheza. Akalitoa, dogo kama pumzi. Nililisikia.

"Sijasikia," mtahini akasema, kalamu mkononi. "Kwa sauti."

Mama akailaza karatasi mezani. Akajifunga kanga upya. "Ahsante, ndugu." Akatoka, tukawapita kina mama, hakuna aliyetania.

Njiani alitangulia mbele. Nilitaka kumwambia kwamba mie nililisikia, kwamba alilitamka kweli, kwa ajili yangu. Sikuweza. Ingekuwa kama kumvua nguo barabarani.

Jumatatu alirudi kazini, kumalizia mwezi wake wa mwisho.